Namba ya Behewa

Harufu ya nta ya nyuki ikinipitia puani, hata leo, kichwa changu huanza kugawanya. Najua hunielewi. Hata mimi sikujielewa.

Kwetu Mtendeni, Tabora, enzi za Mwingereza, magunia ya nta yalipakiwa kwenye garimoshi kuelekea pwani, kule kule ilikoelekea njia ya zamani ya misafara. Behewa moja bovu liliachwa kando ya reli, likinuka nta mpaka mbao zake, ubavuni limeandikwa 10007. Siku moja mwalimu alituuliza: elfu kumi na saba, ile ya behewa, inagawanyika kwa ngapi? Nusu ya darasa tuliandika 17000, tukachapwa. Tulipoandika sawasawa, kila tulichojaribu kiliacha baki. Mwalimu, aliyependa kututafutia Kiswahili cha mambo ya Kizungu, akasema, "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hiyo ni namba tasa."

Nilishtuka. Neno hilo ndilo lililomrudisha kwetu shangazi yangu Zuhura kutoka kwa mumewe Nzega, na nilimpenda mno shangazi yule. Mambo yakanichanganyikia kabisa. Nikaamini kwamba nikipata cha kuigawanya namba ile, naye atapata mtoto. Nikajikunyata uani na kipande cha mkaa, nikagawanya sakafuni kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba yenyewe. Kila mara, baki. Nikaangua kilio.

Shangazi akanikuta, nikamweleza yote huku nikisubiri kofi. Akachuchumaa, akaitazama sakafu yake iliyochafuliwa.

"Kwa hiyo hii ni nusu ya namba?"

"Hapana, shangazi. Ni namba nzima."

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

Akaondoka bila kuifuta.

Haikupita wiki, shemeji yake akaja kutoka Nzega na ujumbe: mumewe ameoa mke mwingine, Zuhura arudi akamsaidie kulea watakaozaliwa. Baba alikwisha kuanza kutikisa kichwa kukubali. Shangazi akatoka jikoni, akamsalimu mgeni kwa adabu zote, akasema, "Kamwambie mimi ni mzima."

"Alhamdulillahi," akajibu mgeni. "Lakini sijaulizia afya, shemeji. Nauliza, unarudi?"

"Nimeshakujibu. Mimi ni mzima."

Mgeni akamgeukia baba, baba akakohoa, chai ikapoa. Nyuma ya mlango niliona aibu tupu. Nilidhani shangazi hakulisikia swali. Mgeni akaondoka peke yake, na shangazi akazeekea kwetu, akicheka kwa sauti iliyofika barabarani.

Miaka mingi baadaye mwanangu alikuwa akifanya hesabu za shule, akaniuliza namba nzima ni nini. Nikamwandikia 10007 pembeni mwa daftari. Jibu lile la shangazi nilimpa mimi mwenyewe, kwa mkaa, nikilia, na siku alipolisema sikulitambua.