Fundi Uwesu amsindikiza mteja kwa hasimu wake

Saa moja asubuhi pikapu ya maji ya Nikolao imeshaanza kuteremka mtaani Newala bila kuwashwa. Kila jioni huegeshwa pua ikitazama mteremko, maana asubuhi betri huwa imekufa. Katikati ya mteremko Nikolao anaachia klachi, injini inakohoa, inashika. Hapo Uwesu Nambunga anakimbia, anadandia mlango wa abiria na kuketi.

Gari linakwenda Masasi kwa fundi mwingine. Uwesu, fundi umeme wa magari aliyeshindwa kulitibu, amekataa liende peke yake.

"Hata mimi hujawahi kunionea wivu namna hii," anasema mkewe, Somoe, amesimama kando ya njia na beseni lake la maandazi. Uwesu anabamiza mlango.

Huyo fundi wa Masasi anaitwa Ashraf. Walijifunza kazi kwenye benchi moja, na Uwesu ndiye aliyemwonyesha hata namna ya kushika koleo. Leo Ashraf ana banda la bati, mita ya kupimia umeme na kibao barabarani chenye picha ya betri inayotabasamu. Uwesu anafanyia kazi chini ya turubai. Siku ikimwendea vizuri anapata shilingi elfu ishirini. Msimu wa korosho ukipita, zipo siku anarudi mikono mitupu.

"Kibao chenyewe kirefu," anasema njiani. "Anamwandikia nani? Twiga?"

Nikolao anacheka kidogo, ila kwake si mzaha. Newala mabomba hukauka, naye asipofika mapema wateja wananunua maji kwingine. Uwesu ameshabadilisha betri. Ameifungua altaneta inayochaji betri, ileile aliyoitengeneza Ashraf mwaka jana, akairudia na kuirudia, akilaumu kazi mbovu ya Masasi. Kesho yake betri imekufa tena. Basi Nikolao amemwambia wazi: Ashraf akilitibu gari, atahamia kwake moja kwa moja.

Masasi, Ashraf anatoka bandani akifuta mikono. "Shikamoo, kaka Uwesu."

"Marahaba," anajibu Uwesu, kisha anamnong'oneza mwandishi wa habari hii, aliyesafiri nao, kwamba hata adabu ya huyu mtu inamkera.

Ashraf anazima kila kitu, anachomoa waya wa hasi na kuweka mita kati yake na betri. Mshale unapanda. Gari limelala, lakini kuna kitu kinanyonya umeme. Anachomoa fyuzi moja moja, mshale hautikisiki. Anaitenga altaneta, vilevile. Anajikuna kichwa. Uwesu, aliyeombea hilo njia nzima, anatabasamu.

Halafu tabasamu linakatika. Umeme usiopita kwenye fyuzi una njia yake, na njia hiyo anaijua. Ni waya wa pampu, aliouvuta mwenyewe kutoka kwenye betri ili Nikolao asukume maji kwenye matangi ya watu bila kuwasha injini. Swichi aliifunga nyuma, kando ya bomba la tenki, palepale Nikolao anapotundika kopo ili hata tone linalodondoka lisipotee.

Akinyamaza, Ashraf ataaibika. Akisema, kosa ni lake. Anamtazama Nikolao, ambaye yuko kwenye simu anambembeleza mama mmoja wa Newala avumilie, maji yatafika.

"Chomoa ule waya mwekundu," anasema Uwesu. "Ni kazi yangu."

Mshale unaanguka. Swichi imejaa kutu na unyevu. Umeme unaopenya hautoshi kuzungusha pampu, ila unatosha kuimaliza betri kufikia asubuhi.

"Kila nikifungua boneti nilikuwa namtafuta Ashraf," anasema. "Kazi yangu sikuitazama."

Ashraf anamshukuru, anasema peke yake angeshinda hapo bila kupata jibu. Uwesu hapendi kushukuriwa na Ashraf.

Miezi imepita. Swichi ya pampu sasa iko ndani, karibu na dereva, na ina fyuzi yake. Pikapu inawaka kwa ufunguo, ingawa Nikolao bado anaiegesha ikitazama mteremko. Hakuhamia Masasi. Somoe anauza maandazi. Uwesu ameshanunua mabati ya kuanzia banda lake, na anataka kibao kirefu kuliko kile cha mwenzake.

Ashraf ameanza kufunga pampu kwenye magari ya maji, na ameongeza maneno ya kuitangaza kazi hiyo kwenye kibao chake. Uwesu alipanda basi hadi Masasi, akayasoma, akarudi.