Mji Ulioanguka na Paa la Mama Mkwe

Siku ile barazani bomani tulikuwepo bwana shauri mtawala wa wilaya, mgeni wake Mjerumani anayefukua miji ya kale, karani mkalimani, mama mkwe wangu, na mimi na mwanangu mgongoni. Tulikuwa tumeteremka mlimani kumwombea ruhusa mume wangu, aliyechukuliwa kazi ya reli Ngerengere, aje amwezekee mama yake nyumba kabla ya masika.

Bwana shauri alikataa hata salamu hazijaisha. Mgeni akatuonea huruma, akamwonyesha mama mkwe picha mbili ili kumliwaza. Moja ilipigwa kwa mashine: mawe na nguzo zimelala majanini. Ya pili aliichora mwenyewe: mji uleule ukiwa mzima, una mapaa, na watu wamejaa sokoni.

"Mapaa uliyaona wapi, baba?" mama mkwe akauliza.

"Sikuyaona, mama," karani akamfasiria jibu la mgeni. "Nimekisia."

"Hongera. Na mwenye nyumba hii alikuwa na mtoto wa kiume?"

"Hilo silijui."

"Mimi nalijua." Akagusa mji mzima kwa kidole. "Hapa mwanawe yupo nyumbani." Akagusa mawe. "Hapa wamempeleka reli."

Karani angeweza kuyalainisha maneno hayo. Aliyafasiri yote, macho yake darini. Mgeni alicheka hadi akaegemea ukuta. Bwana shauri alikohoa, kisha naye meno yakaonekana.

Picha zile, nasikia, ni za kufundishia mambo ya zamani. Mama mkwe aliziona za mwaka huu.

Mume wangu alifika Ijumaa, na nyumba imeezekwa.