Msitu Uliosogea Hadi Shambani kwa Kabula

Msitu ulio nyuma ya kijiji chao, upande wa Sibwesa, ulitangazwa kuwa mali ya wanakijiji wote, na siku hiyo watu walicheza ngoma mpaka vumbi likawafunika magoti. Kabula hakwenda. Alibaki uani akipepeta mchele. Kitu cha wote, alisema, ni kama nyama ya arusi: wenye mikono mirefu wanakula, wengine wanasimulia harufu.

Kamati ikachaguliwa, na mwenyekiti wake akawa Ezekia, mtu ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake na kusalimia. Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka mpaka kwa kupaka miti rangi nyekundu. Mwenye akili angechagua miti iliyopinda, isiyofaa hata mpini wa jembe. Wao wakachagua mininga mirefu, iliyonyooka, eti rangi ionekane kwa mbali. Ikaonekana kweli. Wapasua mbao hawakuhangaika tena kutafuta. Waliifuata rangi kama mbuzi anavyofuata pumba.

Mininga ikapanda malori kwenda Mpanda, na mpaka ule ukabaki visiki. Kamati haikumkamata mtu. Iliingia ndani zaidi, ikapaka mininga mingine, na hiyo nayo ikaenda. Palipobaki wazi Ezekia akalima mahindi. Si msitu tena, alisema, kwa hiyo hamna kosa.

Watu wa wilayani walipouliza kwa nini msitu unapungua, kamati ikakuna vichwa, ikapata dawa. Kilichopotea upande wa Ezekia kingefidiwa upande wa pili. Na upande wa pili palikuwa na shamba la karanga la Kabula, alilolifyeka na marehemu mume wake, Mwandu, walipofika na ng'ombe kutoka Shinyanga. Lilikuwa shamba lake pekee. Hapakuwa na mti hata wa kujishikia ukijikwaa.

"Msitu wetu haujapungua," Ezekia aliuambia mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. "Umesogea."

Watu wakapiga makofi. Hao ndio watu ambao Kabula aliwapa chumvi, aliwalelea watoto, aliwazikia wazee wao. Wangeambiwa mto umepanda kilimani wangepiga makofi vilevile.

Kabula akasimama. "Umesogea kwa miguu gani?"

Kicheko kikapita nyuma, kikajificha.

"Keti, mayu," Ezekia akamwambia, kwa jina hilo la mama ambalo Wasukuma humpa mwanamke wanayemheshimu. "Haya ni mambo ya kitaalamu. Wewe hukusoma."

"Kweli sikusoma. Ningesoma ningekaa hapo ulipo, na kisiki ningekiita mti. Nionyeshe mti mmoja shambani kwangu, Ezekia. Mmoja tu."

"Miti itaota."

"Na mtoto ataota meno. Mbona leo humpi mfupa?"

Safari hii kicheko hakikujificha. Ezekia akajifuta jasho, akalainisha sauti kama mtu anayembembeleza ndama. "Tusiumizane, mayu. Sema hapa, mbele ya watu, kwamba nyie mlilima msituni kwa kutojua. Kijiji kitakuhurumia, utaendelea kulima mpaka uzeeke."

Jirani yake Nyanzala akamvuta kanga. "Sema, dada. Ni maneno tu. Maneno hayana uzito."

Kabula akaichomoa kanga yake mkononi mwa Nyanzala. Alilitaka shamba lile. Bila shamba angekuwa mtu wa kula kwa watu, na alijua chakula cha kwa watu kinavyokwama kooni. Lakini akisema, Mwandu angekuwa mwizi ndani ya kaburi lake, na yeye angelima kila mwaka kwa ruhusa ya tumbo lile.

"Sikulima msituni," akasema. "Msitu ndio umenifuata."

Wakapiga kura ya mikono. Mikono ikaenda juu kama magugu baada ya mvua. Wa Nyanzala haukufika juu. Uliishia sikioni, kama mtu anayejikuna. Kabula aliudharau mkono huo kuliko mingine yote. Mwenye kukuuma na akuume waziwazi.

Wakamruhusu avune, kisha aondoke. Akang'oa karanga peke yake. Wanawake walipokuja na majembe kumsaidia, aliwatazama mpaka wakakumbuka wana kazi nyumbani. Zilikuwa karanga nene, nyekundu, mbegu aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Kijiji kizima kiliitamani.

Akiwa anazianika, akaja Esteria, mke wa Ezekia.

"Pole na kazi, mayu."

"Nimeshapoa."

"Nimekuja kuomba uniuzie mbegu. Zangu zimeliwa na panya."

"Ukapande wapi?"

Esteria akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Kule msituni... palipofunguka."

"Palipofunguka," Kabula alirudia. "Haya. Njoo kesho na ndoo."

Esteria alipoondoka, Kabula akaazima sufuria kubwa ya misibani, akawasha moto, akachemsha. Alichemsha gunia baada ya gunia. Mwishoni alibaki na fungu dogo, mbegu safi alizozifunga kwenye kitambaa. Alizishika kwa muda. Kwa binti yake, katika kijiji cha Kabungu, alikokuwa anakwenda kuishi, kulikuwa na kiwanja cha nyumba na choo tu. Akazimwaga nazo sufuriani.

Asubuhi Esteria akaja na ndoo mpya. Kabula akaijaza pomoni, akakataa hela. Esteria akainama kuinyanyua, mkono wake ukagusa karanga, akaurudisha haraka.

"Mayu, hizi zimechemshwa!"

"Basi kaleni," Kabula akasema, akijitwika mzigo wake. "Kula mnajua."