Barua ya Bi Nukta na Msaidizi Asiyeitwa

Jina la Bi Nukta lilimpata mahakamani, alikopiga chapa miaka thelathini, kwa sababu kila alipofika mwisho wa sentensi aliigonga nukta kama anayemfukuza mtu. Alipostaafu, shemeji yake mwenye duka la kudurufu akampa meza karibu na mlango, akaanza kuwaandikia watu barua za malalamiko. Hapo ndipo kipaji chake kilipoonekana. Hakutukana hata siku moja. Alikushukuru, akakusifu, akakutakia afya njema, na ukimaliza kusoma unajikuta umevuliwa nguo hadharani. Wakuu wa ofisi wakiiona bahasha yake waliagiza kwanza maji ya kunywa.

Siku hizi barua hupitia kwenye kompyuta, na balaa likaanzia huko. Kivinjari cha pale dukani kilikuwa kitu cha adabu: unakifungua, unaingia unakotaka mtandaoni, basi. Asubuhi moja kikaamka kimejisasisha chenyewe. Kikamwonyesha hali ya hewa, ilhali dirisha liko wazi na jua analiona. Kikamletea habari za ndoa ya mtu asiyemjua. Kisha upande wa kulia kikachomoza kijisanduku kinachojiita Msaidizi, na kila alipoandika mstari kikamuuliza kama angependa kuulainisha.

"Nani kakuita?" Bi Nukta akakiuliza.

Akakizima. Kesho yake kikarudi, tena kikimsalimia kwa jina la shemeji yake. Akakizima tena, kikamuuliza kama ana hakika. Siku ya tatu akakata kipande cha karatasi, akakibandika juu ya kioo palepale kilipokaa kile kijisanduku, akaendelea na kazi. Shemeji mtu, ambaye kila kitu kipya kwake ni neema, akataka kujua kwa nini kompyuta yake imefungwa bendeji.

"Inaumwa," Bi Nukta akamjibu.

Basi akaja dobi, mwanamke mpole aliyezoea kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Ofisi ya maji ilikuwa imemkatia maji kimakosa badala ya jirani aliyehama. Kwa wiki tatu amekuwa akibeba ndoo, na nyumba ya wageni inayompa mashuka imeshamwambia kwamba Jumamosi ikifika hana maji, mashuka yanakwenda kwa mwingine. Mashuka hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha yeye na wanawe. Bi Nukta akamwandikia barua siku ya Jumatatu na kuituma kwenye tovuti ya ofisi. Hadi Alhamisi, kimya. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kumtokea. Ijumaa asubuhi akachapisha nakala, akamshika dobi mkono, wakaenda wenyewe.

Dirishani alikaa karani mwenye tai iliyolegea. Akaitafuta barua kwenye kompyuta yake.

"Ipo, mama. Imeshughulikiwa."

"Imeshughulikiwaje, na mwenzangu bado anabeba ndoo?"

Karani akawageuzia kioo. Kivinjari cha ofisi nacho kilikuwa na Msaidizi, na huyu wa huku kazi yake ilikuwa kuwafupishia barua ili wasichoke kusoma. Barua nzima imebaki mistari miwili: Mteja anashukuru kwa huduma ya wiki tatu na anamtakia meneja afya njema. Hakuna hatua inayohitajika. Ikatiwa kwenye jalada la pongezi.

Bi Nukta alisoma mara mbili. Wapo waliomchukia kwa barua zake, na hilo alilipokea kama nishani. Lakini kusomwa kama mtu aliyefurahi hakukuweza. Akavaa miwani, akaigeukia foleni, akaifungua nakala yake.

"Mheshimiwa Meneja," akasoma kwa sauti ya mahakamani, "tunakushukuru kwa wiki tatu za kumpumzisha dobi wetu. Alikuwa anafua mno. Sabuni anayo, pasi anayo, mikono anayo miwili, kilichopungua ni ninyi. Kama ofisi imeamua mashuka yafuliwe kwa mate, tunaomba ya kwako, maana tumekusikia mikutanoni na tunajua hayaishi. Tunakutakia afya njema, kwa kuwa ukiugua utahitaji shuka safi."

Watu walicheka mpaka foleni ikaharibika. Meneja akatoka ndani kutazama kuna nini, na mzee mmoja akamwomba asubiri kidogo, mama arudie pale pa mate. Mama akarudia. Meneja hakucheka, ila kabla ya saa sita fundi alikuwa amepiga magoti uani kwa dobi. Bomba likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Dobi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kidogo, kisha akainuka kuloweka mashuka.

Jioni Bi Nukta alikuwa anafunga meza yake pale yule karani alipoingia dukani, akitazama nyuma kama mtu anayefuatwa.

"Mama, na mimi nina malalamiko. Miezi minne sasa nawaandikia wakubwa wakiondoe kile kidude kwenye kompyuta yangu. Kinanitia aibu kwa watu."

"Hawakujibu?"

"Wananijibu vizuri sana." Akatoa kitu kwenye mfuko, akakiweka mezani. Kilikuwa cheti, kimetiwa fremu kabisa, cha mtumishi aliyemfurahia Msaidizi kuliko wote.

Bi Nukta alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamvutia kiti, akatafuta kalamu, na safari hii akaandika kwa mkono.