Mgongaji wa Mwamba

Onsongo hakumpenda Wesley, na Wesley alimchukia Onsongo kupindukia. Katika machimbo yale ya dhahabu, mwendo mfupi kutoka Sori, jambo hilo lilijulikana mpaka kwa mama muuza uji.

Wesley alikuwa mwenye shimo. Onsongo alikuwa mgongaji. Kwa miaka ishirini na sita, tangu atoke Kisii, alitangulia chini kila asubuhi na mtaimbo, akagonga dari ya shimo na kusikiliza. Mwamba ulioshikana hulia kwa ukali kama kengele, kwa sababu mtetemo hupita ndani yake bila kizuizi. Bamba lililoachia lina ufa nyuma yake na hewa ndani ya ufa, basi hutetemeka peke yake na kutoa mlio mzito wa debe tupu. Mgongaji asipotoka akasema "sawa", haingii mtu. Wesley aliona desturi hiyo imewekwa kumkomoa yeye.

Mwaka jana Wesley alileta mashine ya kusaga mawe, akaisimika hatua kumi kutoka mdomo wa shimo. Onsongo alimwomba aizime nusu saa tu, wakati wa kugonga.

"Mashine haizimwi juu ya masikio ya mtu mmoja," Wesley alimjibu.

Aliomba tena na tena, akatukanwa kila mara. Kisha masikio yenyewe yakaziba. Alilijua hilo siku mkewe Kemuma alipomwita mara tatu nyuma yake, halafu akaja kumshika bega huku analia. Onsongo alimwapisha asimwambie mtu.

Aliona aibu, lakini hakuacha kazi. Alianza kuuma mtaimbo. Ncha moja aliiegemeza darini, nyingine akaishika kwa meno, na ngurumo ya mashine ile aliyoichukia ikashuka kupitia mwamba na chuma mpaka kwenye taya. Penye mwamba mzima meno yalitetemeka. Penye ufa, hewa iliukata mtetemo njiani na meno yakatulia.

Jumanne moja meno yalitulia kwenye gogo la tatu kati ya yale yanayoegemeza dari. Alirudia mara nne, kisha akatoka.

"Hapana. Bamba la gogo la tatu limeachia. Liangushwe kwanza."

Wesley alivimba. Kuangusha bamba ni kazi ya siku mbili. Tena alikwisha kuyashuku masikio ya mzee, basi alizunguka nyuma ya Onsongo akapiga kelele, "Mzee, shati yako inashika moto!" Onsongo aliendelea kufuta mtaimbo. Aliona wachimbaji wanacheka, kisha wanaacha kucheka, ndipo akageuka.

"Mmeona?" Wesley alisema, na sasa Onsongo aliweza kumsoma midomo. "Huyu jaduong', huyu mzee wenu, ni kiziwi! Mwaka mzima mnaongozwa na kiziwi!"

Levis, aliyefanya kazi naye miaka minane, alimsogelea. "Ni ukweli, mzee?"

"Ni ukweli. Lakini nasikia kwa meno. Mtetemo ukifika pale unakatika."

"Kwa meno!" Wesley aliangua kicheko. "Sasa anakula chuma! Omera, ndugu zangu, chukueni sululu muingie."

Wachimbaji wawili waliinama, wakaokota sululu zao. Levis naye, bila kumtazama mzee.  Onsongo aliutupa mtaimbo miguuni pa Wesley.

"Basi ingia wewe. Gonga wewe. Ukitoka useme sawa, mimi nitarudi Kisii leo leo."

Watu wote walimgeukia Wesley. Hakuwa na pa kukwepea. Aliuokota mtaimbo akashuka.

Onsongo aliinamisha kichwa asiwaone wale wenye sululu. Alisimama hivyo kitambo, anamlaani Wesley kimoyomoyo, mara akahisi ardhi imetulia chini ya nyayo zake. Tangu mashine ile ije, haikuwahi kutulia mchana.

Aliinua macho. Wesley alikuwa ametoa kichwa kwenye mdomo wa shimo, uso unamtoka jasho, anamfokea mtu wa mashine. Levis alimgeukia Onsongo, akatamka polepole ili asomeke.

"Amesema mashine izimwe. Eti hasikii mwamba."

Onsongo alitema mate. Levis akaweka sululu yake chini, na wale wawili wakafuata.