Jasho la Mpiga Baragumu

Mume wangu alikuwa mpiga baragumu la kizungu, lile la shaba lililojikunja kama matumbo buchani. Alijifunza kwenye bendi ya shule kwetu Kenya, na tulipohamia Birmingham, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, hakuwa na wa kupiga naye. Akawa anapiga peke yake, nyumbani kwetu Bordesley Green, muziki wa watunzi waliosahauliwa hata makwao: watu wa karne mbili nyuma, waliotunga vya kupigwa sebuleni kwa baragumu na piano, wakafa, basi. Niliwaonea huruma. Masikio yangu niliyaonea huruma zaidi.

Kisha kikundi cha wazee wa Kiingereza kule Aston kikamwita apige mara moja mbele ya watu. Wakimpenda, watamchukua. Wiki nzima mume wangu hakula vizuri. Nami, kwa kuogopa ukumbi utakuwa mtupu, nikawaalika akina mama wa kanisani, wakiongozwa na jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu, kule Kongo, mwenye sauti ya kutosha kwaya nzima.

Nikawaonya kwamba Waingereza hawa hawapigi makofi mpaka muziki uishe wote, na una sehemu tatu. Wakaitikia. Kuitikia si kutii.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Hakuna kofi hata moja. Mtu akakohoa kwa adabu. Mume wangu, uso umemlowa, akalipindua baragumu, maji yakadondoka sakafuni. Wapigaji wote hufanya hivyo, maana pumzi ikikaa ndani ya shaba hugeuka maji. Jirani yangu hakulijua hilo.

"Vraiment, kweli mama," akaninong'oneza, na mnong'ono wake ukafika mlangoni, "jasho inajaa mpaka mu chombo, na batu banamuangalia tu?"

Kanisani kwao Bukavu mwimbaji akitoka jasho haachwi hivihivi. Kabla sijamshika pindo la kitenge, alishafika mbele na leso yake, anapiga vigelegele, anampangusa mume wangu paji la uso, anampangusa shingo, anampepea. Wenzake wakajibu vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu akashikwa na kicheko, na baragumu halipigiki kwa midomo inayocheka. Kila alipojaribu kuanza, likalia kama mbuzi aliyekanyagwa.

Mkubwa wa kikundi, aliyekuwa na neno la mwisho, alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza, ndiye aliyekuwa akimpigia mume wangu piano. Akaondoa mikono kwenye piano. Akavua miwani. Nikajua kwisha habari yetu, na nikamkasirikia kila mtu ukumbini, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Bibi akamgeukia jirani yangu, akafumba macho, akauinua uso wake.

Jirani yangu akampangusa taratibu, mpaka nyuma ya masikio, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Tangu nianze kupiga, hakuna aliyewahi kunifanyia hivi," bibi akasema, macho bado kayafumba. Kisha akamwambia mume wangu, "Haya, sehemu ya pili. Na Alhamisi usichelewe mazoezini."