Baba Alipobaki na Neno Moja

Mama alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya malori Tunduma, mkononi nimeshika nyaraka za mzigo wa shaba, namtafuta dereva aliyekuwa amerudi Nakonde, upande wa Zambia, kula.

"Baba yako anaongea," mama alisema, "lakini hasemi kitu."

Nikamwuliza ana maana gani. Akampa baba simu. Nikasikia sauti yake, ileile nzito ya kanisani, ikisema, "Basi. Basi, basi. Basi?" Halafu akanyamaza, kama mtu aliyemaliza kueleza jambo na sasa anangoja jibu.

Nilimwachia mwenzangu wa ofisini zile nyaraka nikapanda Noah ya abiria ya kwenda Vwawa. Njia nzima nilikuwa nageuka kwenye kiti mpaka mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nina maumivu ya mgongo. Hospitali nilimkuta baba amelala, mdomo umevutika upande mmoja, mkono wa kulia umelegea. Daktari alisema ni kiharusi. Akasema baba anaelewa kila tunachomwambia, ila maneno hayamtoki. Huenda yakarudi, huenda yasirudi yote.

Baba hakuwa mtu wa kubaki na neno moja. Alikuwa mkulima wa kahawa huku kwetu Mbozi na mzee wa kanisa, lakini watu walimfahamu kwa kuandika historia za marehemu. Kwenye misiba yetu, kabla ya jeneza kutoka nyumbani, lazima mtu asimame asome maisha ya aliyefariki: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini. Wengine husoma kama wanasoma cheti cha hospitali. Baba alikuwa anapamba. Mtu aliyekufa kwa malaria alikuwa "amepambana na maradhi kama simba aliyezingirwa pande zote." Mama aliyeuza nyanya njia panda alikuwa "tanuri la upendo ambalo makaa yake hayakupoa." Watu walipanda pikipiki kutoka hata Isongole, mpakani mwa Malawi, kuja kumwomba awaandikie.

Nyumbani tulizungumza Kinyiha. Kiswahili kilikuwa cha kanisani, shuleni na kwa wageni, na baba alikivaa kama koti la suti. Mimi nilikipenda hicho cha baba kuliko cha mwalimu yeyote. Nilipoanza kuandika hadithi, niliandika kwa mtindo wake. Kila mto ulitiririka kwa madaha, kila chozi lilikuwa lulu. Nikatuma hadithi moja kwa mhariri Dar es Salaam. Alijibu kwa ufupi sana: maneno ni mazuri, lakini sijamwona mtu.

Jibu lile lilinichoma kwa muda mrefu. Kisha nikabadilika. Kazi yangu ya uwakala wa forodha ilinisaidia, kwa sababu kule hakuna anayepamba. Unaandika gari, mzigo, uzito, unakokwenda. Nikaanza kuandika hadithi hivyohivyo, sentensi fupi, kila kitu kwa jina lake. Baba alisoma mojawapo, akavua miwani.

"Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "huyu mtu umemwacha uchi mbele za watu."

"Wewe unawavalisha mpaka hawaonekani, baba."

Tulibishana hivyo kwa miaka. Hatukugombana, lakini hakuna aliyemkubali mwenzake. Na mimi, kusema kweli, sikutulia upande wowote. Nikiandika kwa kupamba, naona aibu. Nikiandika kwa ukavu, naona nimeiba kitu cha mtu na kukiacha barabarani. Naandika nimesimama, kwenye simu, katikati ya foleni, madereva wakinipigia honi. Nafuta. Narudia. Nikikaa siku chache bila kuandika najisikia kama nina homa, na nikiandika homa haiondoki.

Baba alipotoka hospitali nilianza kwenda nyumbani kila mwisho wa wiki. Mama alimfanyisha mazoezi ya mkono kwa kumpa maharage ayachambue. Mimi nilimwonyesha vitu nikivitaja: kikombe, fimbo, dirisha. Alivitazama kwa hasira, kwa sababu alivijua. Neno la kwanza kurudi lilikuwa la Kinyiha, jina la moto. Kisha maji, kisha jina la mama. Kiswahili hakikuonekana. Siku moja baba akiwa amesinzia juani, nilimwambia mama inaniuma kwamba Kiswahili chote kile kimepotea.

Mama aliendelea kupepeta maharage. "Unajua alikitoa wapi?"

Nilidhani ni kanisani.

"Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge. Wenzake walimcheka. Akisema kitu, wanakirudia kwa lafudhi yetu, watu wanashika matumbo. Akaacha kabisa kuongea. Aliporudi alikuwa na kamusi kwenye sanduku, na nguo moja."

"Mbona hajawahi kuniambia?"

"Angekuambia kwa Kiswahili gani?" mama alisema. "Kile cha kuchekwa?"

Nilinyanyuka nikaenda mpaka kwenye kahawa, nikarudi, nikaenda tena. Miaka yote nilikuwa nimedhani baba anapamba kwa sababu anapenda kusikika. Sikuwahi kumwazia akiwa kijana aliyefunga mdomo kwenye shamba la watu.

Haikupita muda mrefu, rafiki yake akafariki. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, nami nilimwita baba mdogo ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Yeye na baba walilima pamoja tangu hawajaoa. Watoto wake walikuja asubuhi, wakakaa, wakatazamana. Walikuwa wamekuja kuomba historia, kama ilivyo desturi, halafu wakamwona baba na mdomo wake ule, wakashindwa kuomba. Baba aliwaelewa. Aliinua mkono wa kushoto akaninyooshea kidole.

Nikaandika mchana huohuo, kwenye meza ya sebuleni. Kwanza niliandika kwa mtindo wake, kwa heshima. Nikamsomea. Alifumba macho na kutikisa kichwa. Nikaandika kwa mtindo wangu. Nikamsomea. Akatikisa kichwa tena, na safari hii akapiga meza.

"Basi niambie wewe," nilimwambia. Nilikuwa nimechoka, na mara tu nilipomaliza kusema nikatamani nirudishe maneno yangu.

Baba hakukasirika. Alikaza midomo akapuliza. Pumzi ikatoka upande uliolegea, haina sauti. Akapuliza tena, huku mkono wa kushoto ukifanya kama unakata matawi. Nilichukua muda kuelewa. Baba mdogo alikuwa na kawaida ya kupiga mluzi akipogoa kahawa, hata siku za manyunyu, na sisi tulipokuwa wadogo tulijua yuko shambani kabla hatujamwona.

"Mluzi?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikaandika: Alipiga mluzi akipogoa kahawa.

Tukaendelea hivyo. Mimi niliuliza, yeye alikubali au alikataa, au alinionyesha. Tulipata kwamba alikuwa mwoga wa nyuki. Tulipata kwamba alimposa mkewe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikataliwa. Nilianza kufurahi. Ulikuwa mtindo wangu, na baba ndiye aliyekuwa ananipa. Nikadhani ubishi wetu umekwisha na mimi nimeshinda.

Halafu akaniwekea mkono kwenye karatasi. Alihangaika, jasho likamtoka, na Kiswahili kikatoka, taratibu, lakini kizima.

"Jua. Limetua. Mchana."

Ilikuwa sentensi yake ya zamani. Nilishaisikia kwenye misiba mingi, na kila mara nilikuwa nakunja uso. Lakini ilikuwa sentensi ya kwanza tangu augue. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Nilimwambia kwa upole, "Baba, hiyo husemwa kwa aliyekufa kijana. Baba mdogo alikuwa mzee. Watu watashangaa."

Alitikisa kichwa. Akajipiga kifuani kwa kiganja, akaonyesha dirishani, upande wa kijito. Akajipiga kifuani tena. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anasema habari za umri wa rafiki yake. Alikuwa ananiambia kwake yeye kumeingia giza, na saa yake bado haijafika. Hakuwa na njia fupi zaidi ya kulisema hilo, na hata mimi sina.

Nikaiandika kama alivyoisema.

Siku ya maziko kulikuwa na ukungu, watu wamejifunika mablanketi chini ya turubai. Nilisoma. Iliisha haraka mno. Watu wakabaki wananitazama, wanangoja iendelee, mpaka mzee mmoja wa ukoo akauliza, "Ndiyo imeisha?"

"Imeisha, mzee."

Akasimama yeye mwenyewe akaongeza nilivyoviacha: kwamba marehemu alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwamba alikaa kwenye kamati ya chama cha ushirika, kwamba alijenga darasa la shule kwa mikono yake. Alivisema kwa ukali, na alikuwa na haki. Mtu hapigi mluzi tu maisha yake yote. Uso uliniwaka nikiwa bado nimesimama na karatasi.

Baadaye nilikwenda ndani kumpa pole mjane. Alinivuta nikae naye mkekani.

"Ile ya jua ni ya baba yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nimeijua. Na ya mluzi?"

"Na hiyo ni yake."

Aliinamisha kichwa. "Mimi ule mluzi ulikuwa unaniudhi," alisema, kisha akalia, nami nikamshika.

Sasa baba ana maneno mengi kidogo. Mengine ni ya Kinyiha, mengine ya Kiswahili, na anayachanganya bila kujali. Jumamosi humsomea ninachoandika. Akisikiliza husema "Ongeza" au "Punguza," na mara nyingi hawezi kunieleza ni wapi. Nabaki nazunguka uani na simu, nikijaribu kukisia.

Wiki iliyopita nilimsomea habari hizi hizi ninazoziandika hapa, mpaka kwenye shamba la mkonge. Akaninyamazisha kwa mkono. Nilidhani amekasirika kwamba mama alinisimulia.

"Ongeza," alisema.

"Niongeze nini, baba? Mama hakuniambia zaidi ya hapo."

Alitafuta neno. Alilitafuta kwa Kinyiha, akalitafuta kwa Kiswahili, akatazama dari, akatazama mikono yake. Mama alimwambia apumzike, atalipata kesho. Hakutaka. Mimi nilikuwa na gari la kurudi Tunduma la kuwahi, na begi nilishalivaa begani. Nikalivua, nikakaa.